Maji ya Kitalu cha Mikarafuu

Nilipoolewa Pujini, mikarafuu aliyoiacha marehemu baba mkwe wangu ilikuwa inakauka mmoja baada ya mwingine, na mume wangu alikuwa ameazimia kupanda mingine. Alitengeneza matuta mawili ya kitalu nyuma ya nyumba, akayawekea kivuli cha makuti. Kumwagilia ikawa kazi yangu. Maji nilikuwa nateka bondeni, kwenye dimbwi walikoshuka ng'ombe kunywa.

Tuta la kwanza lilichipua vizuri, majani mekundu mekundu ya kupendeza. Baada ya wiki chache miche ikaanza kulala. Kila mche nilioung'oa niliukuta umeoza pale shina linapogusa udongo, na juu ya tuta matope yamegandamana kama ukoko. Haukupona hata mmoja.

"Unaizamisha kwa maji," alisema mume wangu.

"Siizamishi. Maji yenyewe machafu."

"Na mikarafuu ya baba ilikunywa maji gani?"

Mavyaa wangu, mama yake, alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, naye hakuinua uso. Niliingia jikoni nikalia. Mbegu zilizobaki zilikuwa za tuta moja tu.

Kwetu, mama alikuwa akichuja maji ya kunywa kwa mtungi uliotobolewa chini: kitambaa, kisha changarawe, mkaa uliopondwa, na mchanga juu. Nikamwambia mume wangu nataka kuichujia maji miche ya tuta la pili. Alicheka sana. Lakini kesho yake alirudi kutoka Wesha na gunia la mchanga begani, jasho linamtoka. Nikauonja kwa ncha ya ulimi.

"Bwana, huu wa pwani. Una chumvi, utaiua miche yote."

Akasimama pale na gunia lake, hajui acheke au akasirike. Mwishowe akaenda mwenyewe mtoni, mwendo wa mbali, kuchukua mchanga mwingine, tukauosha pamoja mpaka maji yakatoka safi.

Jioni ile mavyaa alinitolea mtungi wake mkubwa.

"Umeshaingia ufa huu, mwanangu. Utoboe tu."

Tukazipanda mbegu zilizobaki kwenye tuta la pili, nikawa nalimwagilia maji ya mtungi ule, nayo yalidondoka polepole mno. Jirani mmoja kila akipita alinichokoza, "Bi harusi, miche yako leo imeshakunywa chai?" Nilicheka naye, ila moyoni nilikuwa na hofu. Kila baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kuchungulia chini ya makuti kabla sijawasha moto.

Ikafika wiki ile ambayo miche ya kwanza ilianza kulala. Ikapita. Siku moja nilimkuta mume wangu amechutama kitaluni, anaigusa miche kwa kidole, mmoja mmoja.

"Imesimama," alisema. Kisha, bila ya kunitazama, "Nilikuonea, bibi."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nikaanza kuihesabu.

Masika ya mwaka wa pili tukaihamishia shambani. Mavyaa alikuja na mkongojo wake, akawa anawaambia waliokuja kutusaidia, "Huyu mkwe wangu ndiye aliyeikuza." Mchana ule nilijilaza ukumbini huku mvua inanyesha, nikalala usingizi mzito mpaka nikaamshwa na adhana ya alasiri.