Fundi Aliyekataa Kufuta Kabla ya Kuuliza

Habari ilinikuta kwa kinyozi: fundi wa kompyuta wa Isevya, hapa Tabora, amefariki, maziko ni kesho kule Ipuli. Kinyozi akasema ndiyo maisha, mzee alishachoka. Nikamwambia hakuchoka, aliugua. Tofauti hiyo nilifundishwa na marehemu mwenyewe, na leo mnivumilie niieleze, maana sikubali izikwe naye.

Mwaka juzi nilikuwa kibandani kwake nikisubiri chaja yangu, akaingia mama mmoja kutoka Ulyankulu, laptopu yake ya zamani ameifunga kwenye kanga. Baada ya kusalimiana akaeleza shida: kila akiandika kama robo saa, mashine inazimika ghafla. Mafundi wawili wa mjini walishamwambia imezeeka, dawa ni kupiga window upya, yaani kuiwekea programu endeshi mpya, na vilivyomo vyote vitafutika. Alikataa. Humo alikuwa ameandika masimulizi ya mama yake mzazi, tangu walipovuka kutoka Burundi hadi walipofyeka pori likawa mashamba. Mzazi huyo alikuwa ameshafariki, na nakala nyingine haikuwepo.

"Mama yangu yumo humu, baba," akasema.

"Basi hatugusi kitu mpaka tumtoe salama," fundi akajibu.

Akaiinua mashine juu ya vipande viwili vya mbao, akaanza kuhamishia mafaili kwenye flashi. Katikati ikazimika. Mama akashika kichwa. Fundi hakubonyeza chochote; alituambia tusubiri ipoe, na huku tukisubiri akatufafanulia. Kioo kikigeuka bluu na kuandika maneno, mashine imepata nafasi ya kulalamika, kwa hiyo shuku kumbukumbu, diski au programu. Ikizima kimya, giza moja kwa moja, shuku umeme au joto. Na ikizima kila baada ya muda uleule, kisha ikakubali kuwaka tena ikishapumzika, joto ndilo la kuchunguzwa kwanza. Alieleza taratibu, akarudia, mpaka mama akaweza kuyasema hayo yeye mwenyewe.

Mashine ilipowaka, mafaili yakamalizika kuhama. Ndipo akauliza nyumbani huwa anaiweka wapi. Mezani, akajibu mama, juu ya kitambaa cha kufuma, kile kinene, kizuri. Fundi akacheka hadi akavua miwani.

"Mama, umeivalisha sweta. Matundu ya hewa yako chini."

"Na meza yako mbona iko uchi? Mkeo hajui kufuma?"

Tulicheka wote. Alipoifungua, feni ilikuwa imezibwa na vumbi lililoshikamana kama pamba, na ile dawa inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imekauka. Akasafisha, akapaka nyingine. Jioni ile mashine iliwaka saa mbili mfululizo.

Nimekaa Tabora miaka mingi, na nasikitika jinsi tulivyozoea neno "imezeeka". Mji huu ulikua kwa sababu misafara ya biashara ya zamani ilitua hapa, watu wakakagua mizigo na miguu yao kabla ya kuendelea. Leo hatuna subira ya kukagua. Pampu ya kijiji imezeeka, mwalimu amezeeka, mgonjwa ni uzee tu mpelekeni nyumbani. Uzee ni umri. Hauelezi ni kitu gani kimeharibika.

Mazikoni nilimkuta yule mama. Aliniambia amemaliza kuyaandika masimulizi, na wanawe wameyasoma yote. Karibu nasi alisimama mmoja wa wale mafundi wawili wa mjini, akisema marehemu alipoteza muda mwingi kwa vitu vya kutupwa. Mama akamgeukia bila kupandisha sauti.

"Wewe ulitaka kumfuta mama yangu, na hukuniuliza hata inazimikaje."

Nami nawaachia ninyi swali hilo. Mkiambiwa kitu chenu kimezeeka, au mtu wenu, msiitikie haraka. Ulizeni: kinazimikaje? Asiyejua jibu, chukueni chenu muondoke.