Jino Langu Lilivyompiga Fahali Kengeja

Wallahi siongopi. Jino langu liliruka kutoka mdomoni likampiga fahali puani, mbele ya Kengeja nzima.

Mwaka hamsini na tisa huo. Mimi Mjaka nilikuwa mpiga zumari wa mchezo wa ng'ombe, na sauti yangu ya kutetemeka ilisifiwa Pemba nzima.

Vijana msioujua: fahali hufungwa kamba ndefu, watu humchokoza kwa kanga, wanawake wanaimba, na zumari ndiyo inayompandisha hasira. Bila zumari, fahali anakula majani tu.

Siku hiyo fahali wa Mzee Msellem aligoma. Kasimama, anacheua, anatutazama kama sisi ndio mchezo.

"Puliza, Mjaka! Waniaibisha!" Mzee Msellem akapiga kelele.

Nikapuliza mpaka macho yakanitoka. Nikaiondoa zumari nivute pumzi, kikohozi kikanishika.

Puu!

Nikaliona jino langu likienda. Fahali akapiga chafya, akainua kichwa, akaja mbio.

Mzee Msellem akapotelea kwenye mihogo ya watu, kofia yake ikabaki kwenye pembe. Watu wakashangilia kama Idi.

Alipotoka kwenye mihogo, unadhani alinipa pole? Alipiga magoti akaanza kulitafuta jino langu kwenye majani.

"Hili lina jambo," akasema. Akalifunga kwenye kitambaa cheusi, akamvisha fahali shingoni.

Basi nikawa mtu mkubwa. Wenye ng'ombe wakawa wanakuja kwangu, salamu ndefu, habari za watoto, kisha wananichungulia mdomo.

"Bwana Mjaka, hilo la pembeni naona latikisika. Likitoka, niwekee mimi."

Meno yangu yamegawiwa yangali mdomoni!

Na kweli yalikuwa yanatikisika. Fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu kama tunda la shokishoki. Nikiuma mhogo, damu. Nikipiga mswaki, damu.

Nikaona mswaki ndio adui. Nikautupa.

Harufu nikaizima kwa kutafuna tambuu na tumbaku. Maumivu nikayatuliza kwa karafuu: natafuna, mdomo unakufa ganzi, najiona nimepona.

Kazija, mke wangu, alikuwa analala kanipa mgongo, na kanga kajifunga puani.

Asubuhi moja akanisimamia. "Mjaka, wenzangu wangojea meno, mimi nangojea mume. Twende Chake, hospitali."

"Kwa jino tu?"

"Jino? Wanuka kama dagaa walionyeshewa mvua! Panda gari!"

Tukapanda lori la abiria. Lori limejaa pomoni, lakini benchi langu nilikaa peke yangu. Hata Kazija alisimama.

Hospitalini tukamkuta daktari wa meno, Daktari Esmail, Mhindi wa Tibirinzi, mtu wa maneno. Akanifungua mdomo. Akaenda kufungua dirisha.

"Bwana, meno haya mazima," akasema.

"Mazima, na yanatoka?"

"Mti mzima ukiuondolea udongo, utasimama? Uchafu ukiganda kwenye meno huwa ukoga. Usipousugua huwa jiwe, ukaingia chini ya fizi. Fizi ikavimba, ikatoa damu, mwisho ikaliachia jino. Mswaki uliuachia nini?"

"Unanitoa damu, daktari."

"Damu ilikuwa inakwita upige mswaki vizuri! Wewe ukaikimbia."

"Na karafuu je?"

"Karafuu imemnyamazisha mlinzi. Mwizi bado yumo ndani."

Akachukua kijichuma chenye ncha iliyopinda, akaanza kukwangua. Jamani! Kichwani nasikia kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria.

Kazija kasimama pembeni, badala ya kunishika mkono, anamhimiza Esmail: "Na kule nyuma, daktari! Usimwonee huruma!"

Nikatoka na maagizo. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, mpaka pale jino linapokutana na fizi. Nisukutue maji ya chumvi. Tambuu na tumbaku basi. Na nirudi akague tena.

"Fizi iliyokwisha kuliwa hairudi," akasema. "Lakini iliyobaki itashika."

Na ikashika. Damu ikakata, uvimbe ukashuka, meno yakatulia. Kazija akageuza uso upande wangu.

Wenye ng'ombe wakaacha kunisalimia.

Haya, ukaja mchezo wa Pujini. Umati huo, wanawake wamejipanga, ngoma zimewambwa. Nikaweka zumari mdomoni, nikapuliza kwa kifua chote.

Sauti ikatoka safi, imenyooka, na haina ladha hata chembe!

Wanawake wakaacha kuimba. Fahali akajilalia.

"Mjaka, ile sauti yako ya kutetemeka i wapi?" Mzee Msellem akauliza.

Nikakaza midomo. Wapi. Nikailegeza. Wapi!

Ndipo akili ikanijia, nikaona aibu. Ule mtetemo uliokuwa ukiwaliza watu Pemba nzima haukuwa ufundi. Yalikuwa meno yangu yakicheza!

Mzee Msellem akanivuta pembeni. "Yakhe, rudia tambuu. Mpaka mavuno tu, kisha utapona tena."

Kumbe Kazija yuko nyuma yake. Akapaza sauti uwanja wote usikie:

"Anayetaka Mjaka awe na kinywa kile tena, amchukue akalale naye leo!"

Hakujitokeza mtu.

Mzee Msellem akanitazama. Akamtazama Kazija. Akatazama chini.

"Zumari mpeni mwengine," akasema.

Sijapuliza tena mpaka leo. Lakini pweza namtafuna mwenyewe.

Somo langu ni hili. Fizi ikitoa damu usiuache mswaki, na usingoje maumivu. Nenda ukatazamwe mapema.

Na watu wakikusifu uwanjani, usivimbe kichwa kabla hujamuuliza unayelala naye.