Kioo cha Mbele na Mtu wa Nyuma

Jina alilopewa fundi huyu na wazazi wake lilishapotea siku nyingi. Mtaa mzima ulimwita Kwanini, naye aliitika bila kinyongo. Utotoni aliifungua cherehani ya mama yake ajue kwa nini inaruka mishono, akaifunga tena, zikabaki skrubu tatu mkononi. Mama alimchapa kwanza. Alipojaribu kushona, cherehani ikaenda kama mpya, ikabidi amwombe radhi. Mchumba wa kwanza wa Kwanini naye alikimbia, maana alichoka kuulizwa kwa nini anampenda. Basi jamaa akabaki na pikipiki, ambazo hazichoki kuulizwa.

Karakana yake ilikuwa ndefu na nyembamba, spana zimetundikwa ukutani, kila moja juu ya umbo lake alilolichora kwa rangi nyeupe. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alifanya kazi dada yake mkubwa, fundi cherehani, na ukuta ulikuwa na tundu. Dada alilitumia tundu hilo kumgombeza bila kuinuka kitini.

Jumanne asubuhi ikaingia pikipiki kubwa ya safari, ya aina ile yenye masanduku ubavuni na kiti cha nyuma kipana kama cha sebuleni. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, mwalimu mstaafu. Nyuma alikaa mumewe, aliyekuwa dereva wa malori miaka thelathini mpaka presha ya macho ilipomzimia taa zote mbili. Miaka miwili sasa. Pikipiki ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kuiendesha.

"Shida yetu ni upepo, fundi," Mwalimu alisema. "Nataka nimwambie tunapita wapi. Hapa kuna daraja, pale wanajenga. Nikifungua mdomo tu, upepo unayabeba maneno."

"Mimi nasafirishwa kama gunia la viazi," mumewe akadakia. "Nikifika nashushwa, naambiwa safari ilikuwa nzuri. Nzuri kwa nani?"

"Mzee wangu, kuna vile vidude vya kuongelea ndani ya helmeti," Kwanini alisema.

"Tulivijaribu. Vinakwaruza mpaka meno yanauma. Halafu huyu ni mke wangu, bwana, si kituo cha redio!"

Kwanini alicheka, ila Mwalimu hakucheka. Alifungua boksi alilokuja nalo, ndani mkiwa na kioo kipya cha mbele, cha plastiki ngumu, kirefu karibu mara mbili ya kile cha zamani.

"Jumamosi saa nne kuna mtu nimemwelekeza hapa kwako, anakuja kuiona pikipiki," alisema taratibu. "Kioo hiki kikishindwa, tunaiuza. Siwezi kuendelea kumbeba mtu asiyejua yuko wapi."

Mzee alipapasa mpaka akaifikia pikipiki yake. Aliweka kiganja juu ya tangi la mafuta akakiacha hapo. Kwanini hakupenda kuiona mikono ya dereva inaaga.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alifungua boliti nne, akatoa kioo cha zamani, akabandua karatasi laini ya kile kipya, akakifunga. Kisha akakaa kwenye kiti, akanyoosha mgongo, akapandisha kioo tundu moja mpaka ukingo wake ukakaa chini kidogo ya macho. Alikwenda kukijaribu peke yake kwenye barabara ndefu ya maghala. Lo! Kimya, utadhani mtu amefunga dirisha. Alirudi meno yote nje.

Wenyewe wakaenda, na dakika kumi hazijaisha wakarudi. Mwalimu alishuka anang'aa. "Raha tupu! Hata kifua hakinisumbui." Mumewe aliivua helmeti kwa shida, macho yanamtiririka machozi.

"Nani alikuwa ananipiga makofi?" aliuliza.

Ule upepo wote uliomkwepa mke ulikuwa umehamia kwa mume. Zamani hakusikia maneno. Sasa hata mawazo yake mwenyewe hakuyasikia.

Uso wa Mwalimu ukanywea. "Basi," alisema. "Usijisumbue, fundi. Tumejaribu."

Fundi mwingine angeshukuru Mungu akanywa chai. Huyu wetu alishawashwa. "Mzee, makofi yanakupiga wapi hasa?"

"Juu ya masikio. Na mgongoni kuna kitu kinanisukuma mbele."

"Mgongoni? Upepo unatoka mbele, unakusukumaje kwa nyuma?"

"Fundi ni wewe. Mimi ni gunia."

"Niachieni hii pikipiki," Kwanini alisema. "Mwalimu, Alhamisi njoo peke yako. Nisipoelewa jambo hili sitalala."

Jumatano alikizunguka kile kioo kama anayekidai. Alipima urefu, akapima mlalo kwa kipande cha mbao chenye uzi na nati, na kila kitu kilikuwa sawasawa. Mwisho akaita kwenye tundu la ukuta, "Dada, njoo ukae nyuma ya pikipiki nione miguu ya abiria inakaa wapi."

Dada alikuja na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Alikuwa mwanamke wa haja, wala hakuwahi kuuomba radhi mwili wake. Alipokaa, springi za nyuma zilibonyea, pua ya pikipiki ikainuka, na ule uzi wenye nati ukasogea vidole viwili mbali na alama aliyoichora kwenye mbao.

Kwanini akatoa macho. "Shuka."

Dada akashuka, uzi ukarudi kwenye alama.

"Panda."

"He!"

"Panda tena, dada. Sasa shuka."

"Wewe bwana, umenifanya mimi jiwe la mizani?"

"Dada, mimi mjinga!" Kwanini alisema kwa furaha kubwa. "Nimekipima kioo kwa mtu mmoja, na pikipiki ni ya wawili. Abiria akipanda, kioo kinalala. Kinaurusha upepo juu ya kichwa cha mke, unakwenda kumwangukia mume!"

"La ujinga nilikuwa nalijua," dada alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Lakini jibu hilo halikuueleza ule msukumo wa mgongoni, na msukumo huo ndio uliomnyima raha. Akamwomba dada vipande vya nyuzi nyekundu, akavibandika kwa selotepu pembezoni mwa kioo. Alhamisi akabandika vingine kwenye mabega ya Mwalimu, akapanda nyuma, Mwalimu akaendesha.

Hapo ndipo alipoona haya. Miaka ishirini na nane anatengeneza pikipiki za watu, hakuwahi hata siku moja kukaa nyuma ya mteja. Huko nyuma ilikuwa dunia nyingine! Makofi kushoto, makofi kulia. Mwalimu aligeuza kichwa akasema kitu, ikafika "...ko" tu. Na nyuzi za mabegani, badala ya kupepea kuelekea nyuma, zilikuwa zimeelekea mbele kwenye kioo, zinavutwa. Kumbe kioo kikubwa kikiziba kila mahali, nyuma yake hubaki pengo la hewa, na hewa ya mgongoni hukimbilia kulijaza. Kwanini alipiga kelele za furaha peke yake huko nyuma, na wala hakusikika.

Ijumaa alikata vipande vya mpira mgumu, akaviweka kwenye boliti za juu ili kioo kisimame vizuri hata abiria akipanda. Chini akaacha uwazi wa upana wa kidole, upepo kidogo upite na kujaza lile pengo. Hakwenda kujaribu. Masikio yenye kesi hayakuwa yake.

Jumamosi saa tatu wenyewe wakaondoka, kwa ahadi ya robo saa. Robo saa ikapita, ikapita nusu. Saa nne juu ya alama akaingia mnunuzi, helmeti kwapani, akauliza pikipiki iko wapi. Kwanini akampa stuli.

Walirudi saa nne na nusu, na sauti zao zilitangulia kuingia.

"Nakwambia ni ya kijani!"

"Ya bluu! Ghorofa ile nimeipita na lori miaka thelathini!"

"Wameipaka upya! Wewe huoni!"

Mwalimu alizima injini, akajiziba mdomo. Hata cherehani ya upande wa pili ilinyamaza.

Mzee aliivua helmeti palepale nyuma. Aliposema, sauti yake ilikuwa inakatika.

"Miaka miwili, kila nikisema kitu unaniitikia ndiyo, ndiyo. Nikajua hunisikii. Leo umenibishia, mke wangu."

Mwalimu aliinamisha kichwa kwenye usukani, mabega yakamtikisika. Mzee akampapasa mgongoni mpaka alipotulia.

"Samahani," mnunuzi akasema, "ndiyo hii?"

"Subiri kwanza, kijana," Mzee alijibu huku akirudisha helmeti kichwani. "Mama, washa. Turudi tukamuulize mwenye ghorofa."

Wakatoka, na walikuwa hawajafika hata kwenye kona wakaanza upya. Kwanini alijifuta macho kwa kitambaa chenye grisi, akamgeukia mnunuzi.

"Nenda nyumbani, ndugu yangu," alimwambia. "Haiuzwi."