Transfa Niliyoisingizia Ubovu

Jamani, mgongo unaniuma, lakini aibu ndiyo inayonikosesha usingizi. Mimi ni fundi Mkenya hapa Katwe. Juzi nilifunga transfa ya mtumba, ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwenye gari kuukuu la Hajati mmoja wa Lubaga. Nikawasha, nikatia gia. Injini ikanguruma, gari halikusogea.

Nikaishusha tena, nikaifungua, nikaifunga upya. Wapi! Hajati alikuwa amesimama hapo hapo gereji, akingoja gari ili ampeleke mumewe hospitalini. Nikampigia simu Salongo, muuza spea aliyeniuzia. Alipofika nikamfokea mbele ya gereji nzima.

"Umeniuzia chuma mbovu! Wewe ni mwizi!"

"Ssebo, bwana wangu, hiyo transfa nilipima mwenyewe," akasema kwa upole. "Iko mzima."

"Iko mzima na gari imekataa kutembea?"

Hajati alikuwa amechoka kusimama, akaingia kuketi kwenye kiti cha dereva. Akainama, akatazama pembeni mwa gia.

"Mwanangu," akaniita, "hiki kijiti cha transfa mbona umekiacha frii, hakijashika gia yoyote?"

Hakungoja nijibu. Alikisukuma mahali pake, akawasha, akatia gia, na gari likaondoka taratibu. Nilibaki nimesimama na spana mkononi, Salongo ananitazama.