Aliye Njiani Hapewi Msiba

Mama alifariki alfajiri, na dada yangu alikuwa ameshaanza safari ya kuja kumwona. Hilo ndilo lililotuweka pabaya. Angekuwa bado kwake tungempigia simu, angelia akiwa na mumewe na majirani zake, kisha angeamua mwenyewe kama anakuja au haji. Lakini alikuwa njiani, na kwetu aliye njiani hapewi msiba. Anaambiwa mgonjwa hali yake si nzuri, ajitahidi afike. Akishaliona turubai uani na wanaume wamekaa kwenye mikeka, ndipo anaanguka, tena mikononi mwa watu wake.

Dada ameolewa ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, ambako yeye na mumewe wana duka la sabuni, chumvi na mafuta ya kula. Vita ilipowafikia walikimbia. Ilipopoa wakarudi, wakaezeka duka upya. Watu husema siku hizi kule kumetulia. Mimi neno hilo nimeacha kuliamini. Kumetulia, lakini gari halitembei peke yake, linasubiri siku ya msafara, askari mbele na askari nyuma, na siku yenyewe abiria hujulishwa ikishafika. Kumetulia, lakini daraja lililolipuliwa limewekewa magogo, watu wanashuka na kuvuka kwa miguu, kisha gari linapita tupu huku dereva akisema bismillahi. Kwa ramani ya simu, kutoka kwake hadi mtoni si mbali kuliko kutoka hapa Kiwalani hadi Chalinze. Niliitazama ramani ile kama mjinga, naikuza kwa vidole, na ndege zinashuka juu ya bati letu moja baada ya nyingine, zimejaa watu waliotoka mbali zaidi na kufika.

Tulimzika mama siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyeushika msiba, na kwetu mjomba akishasema amesema. Aliniita pembeni kwa sababu alijua dada atanipigia mimi.

"Mwambie mama yenu anaumwa. Basi. Usiongeze neno."

Jioni dada akapiga. Gari lao lilikuwa limekwama kwenye mji mdogo, wanasubiri msafara.

"Mama amekula?"

"Amekunywa uji."

"Mwingi?"

"Nusu kikombe."

Sijui kwa nini nilisema nusu. Nadhani niliona kikombe kizima hataamini.

"Mbona kelele hapo?"

"Majirani wamekuja kumwangalia."

"Na hao wanaosoma?"

"Wanamsomea dua, dada. Apate nafuu."

"Haya, uwape chai basi, usiwaache watu wakae midomo mitupu."

Huyo ndiye dada yangu. Amekwama porini, hajui atalala wapi, bado ananifundisha kupokea wageni. Nilijifungia chumbani kwa mama nikalia nikiwa nimeuma khanga, maana hata kulia kwangu kulikuwa siri sasa, asije akapiga tena akaisikia sauti imebadilika.

Kesho yake asubuhi akapiga na habari nyingine. Msafara umeahirishwa. Labda keshokutwa, labda baada ya hapo. Lakini amempata mwenye pikipiki anayekata njia za panya kwenye mikorosho, na mchana wangekuwa mtoni. Akishavuka kwa mtumbwi, Mtwara ni hapo, na kuna mabasi.

"Hizo njia si ndizo walizokuwa wanapita wale watu wa bunduki?" nikamuuliza.

"Walikuwa. Wanasema hawapo tena."

Nyuma yake nilimsikia mwanamke mwingine, abiria mwenzake, akisema kwa sauti ya kukasirika kwamba wapo, nani kasema hawapo.

"Dada, subiri msafara."

"We nawe! Nikae hapa nisubiri mpaka nimkose mama? Mie naenda."

Hapo ndipo moyo ulipopasuka. Desturi yetu iliwekwa kumlinda msafiri asianguke kwenye watu baki, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma porini kwa ule uji wangu. Mama angekuwa amekufa masikioni mwake, asingekuwa na la kukimbilia. Alikuwa anakimbia kwa sababu mie nilimwambia yuko hai. Nikatapatapa nikasema la kwanza lililonijia.

"Mama mwenyewe amesema usubiri."

"Mpe simu aniambie mwenyewe."

"Amelala."

"Mwamshe."

Nikasema nakupigia sasa hivi, nikakata, nikamwendea mjomba mkekani. Nikamweleza yote: pikipiki, mikorosho, yule abiria aliyekuwa akimkataza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali, na ningempenda zaidi siku ile kama angekuwa mkali, nikapata wa kumkasirikia.

"Mwanangu, nimekuelewa," alisema. "Lakini akianguka kule, nani atamshika? Mwombe tu asubiri."

"Nimemwomba, mjomba. Anataka kuongea na mama."

Akainamisha kichwa akazungusha tasbihi. Hakunipa ruhusa. Simu ikaita tena mkononi mwangu. Nikatoka nayo hadi nyuma ya choo, ambako hapakuwa na mtu.

"Dada, mama hayupo. Tulimzika jana."

Nikasikia pikipiki ikiunguruma mahali alipo, ikisubiri.

"Jana?"

"Jana. Baada ya Alasiri."

"Na ule uji?"

Nilimwita, nikamwita tena, nikasikia simu ikipokelewa na mtu mwingine, yule mwanamke abiria mwenzake, akaniambia dada amekaa chini, wanampa maji, nisiwe na wasiwasi. Mtu usiyemjua akuambie usiwe na wasiwasi! Nilisimama pale nyuma ya choo nimeishika simu, sina mkono wa kunyoosha ukafika.

Msafara ulipoondoka, dada alipanda gari la kurudi kwake. Alimwambia mumewe kwamba njia ya kuja ilikuwa na sababu, na sababu imezikwa. Khitma ikasomwa yeye hayupo. Mjomba aliwaambia watu kwamba amekosa usafiri, na kila mtu akaitikia kwa huruma, maana vita wanaijua. Mimi hakunilaumu, wala hakunisifu. Kila niliposhikwa na majuto nilijiambia angalau nimemtoa kwenye ile pikipiki, angalau yuko hai dukani kwake anapima chumvi.

Baada ya khitma dada alinipigia. Tuliongea mambo ya kawaida, bei ya mafuta, watoto, mvua. Kisha, bila mimi kumuuliza, akaniambia kwamba yule mwenye pikipiki alipakia abiria mwingine siku ileile, akafika mtoni mapema mchana, na akarudi salama.