Mama Lucy Hakuitika Mwito wa Kwanza

Kukiwa na giza, Mama Lucy hakuitika mwito wa kwanza. Soko zima la Mwigobero, hapa Musoma, lilijua hilo, na wengi tulimcheka, mimi nikiwa mbele. Boti za dagaa hufika saa kumi na moja alfajiri, hujaona hata uso wa jirani yako, na dalali husimama majini akiita wanunuzi wake mmoja mmoja. "Mama Lucy!" Kimya. Naye yupo pale pale, ndoo mkononi, anamtazama dalali, kinywa kafunga. Mpaka aitwe tena, "Mama Lucy!", ndipo anajibu "Abee" kwa adabu zote, utadhani ndiyo kwanza anafika. Dalali mgeni alikuwa akiita mara moja, anahamia kwa mwingine, na dagaa wazuri wanakwenda hivyo hivyo. Mseti, aliyembebea magunia miaka yote, alishamzoea. Yeye alimwita mara mbili kwa pumzi moja, yakaisha.

Siku moja nilimwambia, "Dada, ushirikina wako utakuua njaa."

"Si ushirikina, Mama Clementi. Ni malezi. Bibi yangu alitufundishaga. Kile kitu cha usiku kinaitaga mara moja tu. Jina lako kinalijua, sauti ya mtu wako kinaiga vizuri kabisa. Ila kurudia hakiwezagi. Anayerudiaga ni binadamu."

"Na binadamu mvivu je?"

"Huyo asubiri pakuche."

Bibi huyo aliitwa Boke. Dada yake Boke aliitwa usiku na sauti ya mumewe, akaitika, akafungua mlango, hakuona mtu. Siku ya tatu wakamzika. Mume mwenyewe alikuwa mnadani na ng'ombe. Hadithi hiyo Mama Lucy, Euphrasia kwa jina lake la ubatizo, aliinyonya pamoja na maziwa, katika kijiji kimoja upande wa Butiama, kwa watu wa mtama na mihogo waliosali rozari kila jioni na bado wakaziba masikio usiku. Aliolewa Musoma na seremala. Seremala akafa Lucy akiwa na miaka sita. Mama akaanza na ndoo moja ya dagaa, akianika juu ya mawe ufukweni, akikimbizana na kunguru na mvua, mpaka akasimamisha vyumba viwili mtaa wa Mukendo na kumsomesha mtoto hadi akawa mwalimu huko Tarime. Sijawahi kumsikia akijisifu kwa hilo. Alijisifu kwa jambo moja tu, kwamba dagaa wake hawana mchanga, na hata hilo halikuwa kweli siku zote.

Miaka miwili iliyopita alipimwa akakutwa na kisukari. Daktari akampa sindano za kuchoma asubuhi na jioni, akamwambia mambo mawili: ukichoma, ule, na mwili uufanyishe kazi. Alicheka kwa uchungu. Mwanamke aliyebeba dagaa miaka ishirini anaambiwa afanye mazoezi! Lakini daktari alitaka mazoezi ya kutembea, ya kila wiki, na mimi nilikuwa kwenye klabu ya kukimbia, sisi watu wa tisheti za njano mnaotuona Jumamosi tukiziba barabara. Mimi, Justina, fundi cherehani wa pale pale sokoni, ndiye niliyemwingiza. Nalisema mapema ili asiwepo mtu wa kunitafutia kosa baadaye. Makosa yangu ninayo, nitayataja mwenyewe.

Kocha wetu alikuwa Fredy, kijana mwenye moyo mzuri na kichwa chepesi. Neno lake lilikuwa "tunaweza". Yeye ndiye aliyempa Euphrasia jina la Mama Dagaa, na klabu nzima ikalifuata. Katibu wetu alikuwa mzee Isaya, karani mstaafu, ambaye pia ni katibu wa jumuiya kanisani. Kwake yeye kila mtu ana jina moja tu, lile lililoandikwa kwenye daftari la ubatizo. Mimi nilimwita Mama Lucy, kama sokoni.

Mwezi wa nne Fredy akatuma picha kwenye grupu: jua linatoka juu ya mawingu, sijui nchi gani. Akaandika kwamba wikiendi tunakwenda Bunda, tunapanda mlima Balili usiku, tunaliona jua likitokea upande wa Serengeti. Watu kumi na mmoja wakajiandikisha. Sikutegemea Mama Lucy awemo. Nilipomuuliza, alikuwa akichambua dagaa, hakuinua uso.

"Jua likitoka nalionaga kila siku," akasema, "lakini nikiwa na ndoo kichwani. Sijawahi kukaa chini nikalitazama. Nataka nilitazame mara moja, nimpelekee Lucy picha."

Ijumaa tukalala nyumba ya wageni Manyamanyama, hapo Bunda. Saa nane na nusu usiku tukaamshwa. Nilikuwa chumba kimoja naye, nikamwona anakaa ukingoni mwa kitanda, anainua blauzi, anajichoma sindano yake tumboni.

"Mbona mapema hivyo? Na hujala," nikamwambia.

"Nitakula huko juu. Mikate yote iko kwenye begi la Fredy."

Nikanyamaza. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza mbele ya mtu, usiku ule nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa natafuta soksi.

Watu husema Mara hakuna baridi. Wapande Balili saa tisa usiku, mwezi wa nne. Upepo ulitupiga kutoka upande wa ziwa, ukapita kwenye tisheti kama vile hatukuvaa kitu. Njia ni mawe na nyasi ndefu zenye maji. Fredy alikuwa mbele kabisa na begi la mikate, akiimba. Mama Lucy alikuwa nyuma kabisa na mimi, goti likimsumbua. Alikuwa amejifunga kitenge mabegani, gauni lake halina mfuko, kwa hiyo simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Tulipofika kwenye jiwe moja pana kama meza, akakaa.

"Nenda, Mama Clementi. Nipumzike kidogo, nitakuja pole pole."

"Nitakusubiri."

"Utalikosa jua kwa ajili ya goti langu? Nenda. Nipigie na picha."

Nitasema ukweli. Nilitaka kuliona lile jua, na nilikuwa nimechoka kumsubiri. Nikamwachia tochi yangu, nikamwambia asiondoke hapo, nikakimbilia mwanga wa wenzangu. Simu yake ikaondoka nami mkobani. Mikate ilikuwa mbele kwa Fredy. Sindano ilikuwa tumboni mwake. Mambo hayo matatu nilikuwa nayajua yote, na sikuyaweka pamoja.

Hatukufika kileleni. Mvua ilitukuta bado hatua nyingi, mvua ya baridi yenye upepo, na ukungu ukashuka juu yetu mpaka mtu akawa haoni mkono wa mwenzake. Hata Fredy akaacha kusema tunaweza. Tukageuka, tukishikana mikono, tukiteleza, wengine wakilia. Kwenye lile jiwe pana tukasimama watatu, mimi, Fredy na mzee Isaya, wengine wakaendelea kushuka. Jiwe lilikuwa tupu. Hapakuwa na mwanga wa tochi mahali popote.

Mzee Isaya akaita kwa sauti yake ya kusomea masomo kanisani: "Euphrasia!"

Tukasikiliza. Mvua tu.

Fredy akaweka mikono mdomoni: "Mama Dagaa!"

Mvua.

Mimi nikaita: "Mama Lucy!"

Nikavuta pumzi niite tena. Meno yalikuwa yanagongana, maji yanaingia kinywani. Mzee Isaya akanishika mkono.

"Huyo ameshuka, Justina. Ana akili kutuzidi sisi. Saa hizi yuko Manyamanyama kajifunika blanketi, anatucheka. Twende kabla hatujafa sisi."

Lilikuwa neno la maana. Mtu mzima, mvua inanyesha, angekaa juu ya jiwe kungoja nini? Nikaumeza ule mwito wa pili. Mimi niliyefanya naye biashara jirani miaka kumi na mitano, niliyemcheka kila alfajiri, sikukumbuka. Hilo sijajisamehe, na wala sitafuti wa kunisamehe.

Manyamanyama hakuwepo. Ufunguo wa chumba ulikuwa bado kwa mhudumu, na kitanda chake kilikuwa kama alivyokiacha. Fredy akaamsha vijana wa bodaboda, tukapanda tena tukikimbia, na mvua ikawa imekatika.

Tulimwona karibu saa moja. Alikuwa hatua thelathini hivi chini ya lile jiwe, kati ya mawe mawili makubwa, alipokwenda kujikinga. Thelathini. Nilirudi baadaye nikazipima kwa miguu yangu. Amejikunja ndani ya kitenge kilicholowa, tochi mkononi, imeingia maji, imekufa. Na ndipo lile jua tulilolifuata likachomoza upande wa Serengeti, jekundu, safi, likamwangaza usoni. Alikuwa hai. Nilipiga magoti nikamshika mashavu, yalikuwa kama samaki wa kwenye barafu. Fredy alikuwa na soda, akajaribu kumnywesha, ikamwagikia shingoni. Alikuwa hamezi tena.

"Mama Lucy. Mama Lucy," nikamwita, sasa nikirudia, sasa nikiwa na akili.

Akafungua macho kidogo. Maneno yakatoka yakiburuta.

"Abee. Niliwasikia."

"Ulitusikia? Mbona hukuitika?"

"Waliita watatu. Kila mmoja mara moja. Nikasema si wao." Akapumzika. "Nikangoja ya pili."

Vijana walikata miti miwili wakafunga machela kwa kanga zetu. Nilitembea pembeni nikimsugua miguu. Mwanzoni alikuwa akiukunja mguu kidogo nikimgusa. Kabla hatujafika barabarani akaacha. Sikumwambia mtu. Niliendelea kusugua mpaka chini, maana ningesimama, na wao wangesimama.

Tulimzika kijijini kwao, upande wa Butiama, pembeni mwa kaburi la Boke. Watu walisema wasemayo watu msibani. Sukari ilishuka, mvua ilimnyeshea, kazi ya Mungu haina makosa. Mzee Isaya alipopewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya klabu, alisimama akiwa na karatasi. Alieleza safari, akaeleza mvua, akasema, "Tulimwita, ndugu zangu. Tulimwita mara tatu, naye hakuitika." Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni. Hakusema uongo hata mmoja. Mimi nilikaa na wanawake nikiangalia chini, na maneno ya mwisho ya Mama Lucy nilikuwa nayo moyoni kama jiwe. Nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba tulimkuta hasemi.

Jioni, wageni walipopungua, nilikwenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Sikuweza kukaa bure. Lucy akanifuata huko, amejifunga kanga ya msiba, macho makavu. Alifanana na mama yake hata kwa namna ya kusimama.

"Mama mdogo."

"Naam, mwanangu."

"Mzee Isaya amesema mlimwita mara tatu."

"Ndiyo. Tatu."

Nilijua anachokitafuta. Mtoto huyu alilala chumba kimoja na mama yake miaka kumi na minane, alfajiri ngapi amewasikia watu wakigonga na kuita, na mama amemfunika mdomo kwa kiganja mpaka waite tena.

"Mlimwita jina gani?"

Ningeweza kusema tulimwita Mama Lucy, mara tatu, na mambo yangeishia hapo. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji yenye masizi, nikaitazama.

"Isaya alimwita Euphrasia," nikasema. "Fredy alimwita Mama Dagaa. Mimi nikamwita Mama Lucy. Kisha tukashuka."

Midomo yake ilicheza kidogo, bila sauti, akiyapanga yale majina.

"Basi hiyo yote ni ya kwanza, mama mdogo," akasema.

"Ndiyo. Alituambia mwenyewe tulipomkuta. Alitusikia. Alikuwa anangoja ya pili." Hapo nikalia, mbele ya mtoto aliyefiwa, na sikuona haya. "Nilitaka kuita tena, Lucy. Nilishavuta pumzi."

Hakuniambia pole, na hakunitukana. Alichutama, akachukua sufuria moja, akaanza kulisugua kwa mchanga. Tukaosha hivyo mpaka giza likaingia, nikawa naona weupe wa macho yake tu.

Ndani ya nyumba mtu akaita, sauti ya shangazi yake, "Lucy!"

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria. Na wangu pia. Hakuna aliyejibu. Tulikaa pale gizani, sisi wawili, tumebana pumzi, tukisikiliza.

"Lucy!"

"Abee," akasema, akainuka.