Magemu ya Bi Sitara

Bi Sitara alipostaafu ukunga, wenzake wa wodi ya wazazi walimfanyia sherehe, wakamtupia kanga mpya mabegani, na wawili watatu wakalia. Yeye alisimama katikati yao akiitazama keki. Aliporudi nyumbani kwake Mchafukoge, ghorofa ya tatu, alivua viatu, akakaa kwenye kochi, akabaki hapo mpaka adhana ya Magharibi.

Nyumba ilikuwa kimya. Mumewe, Ismail, alikuwa ameoa mke wa pili na kumjengea Kigamboni. Mwanzoni alishika zamu, siku kadhaa kule, siku kadhaa huku. Halafu ikawa pantoni ina foleni. Halafu ikawa mvua. Mwisho akawa anapiga simu tu Ijumaa kuuliza hali, na hizo simu nazo zikapungua. Hakumwacha, wala hakuwa naye. Binti yao, Badria, alikuwa Maskati kwa mumewe. Kijana wao, Bushiri, alikuwa ameoa na kuhamia Tabata. Mashine yake ya gemu aliiacha chini ya televisheni ya mama yake, kwa kuwa mkewe hakuitaka.

Siku moja Bushiri alimkuta mama yake ameshika padi ya kuchezea gemu. Kwenye kioo palikuwa na shamba, na mama alikuwa akimwagilia vitunguu.

"Mama, kumbe unacheza?"

"Nilikuwa nafuta vumbi, ikawaka."

Bushiri alifurahi kuliko ilivyostahili. Alifanya kazi maeneo ya Posta, kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na tangu siku ile kila akija kumwona mama yake alipitia kwanza Kariakoo, kwenye duka la magemu Mtaa wa Aggrey, akachagua CD. Alijua kwamba alipaswa kuja mara nyingi zaidi. Akiwa na CD mkononi, ilikuwa rahisi kidogo kubisha hodi. Badria naye aliposikia akaanza kutuma kwa wasafiri, pamoja na udi na halua.

Bi Sitara alizipokea zote. Alishukuru, akasoma maandishi ya nyuma, maana Kiingereza cha kazini kilimtosha, na baada ya Alasiri akaiweka CD ndani. Magemu yenyewe yalifanana mwanzoni. Palikuwa na mtu aliyepotelewa na kitu. Mhunzi alitaka chuma, msichana alimtafuta kaka yake, nahodha hakuwa na mabaharia. Bi Sitara aliikubali kila kazi aliyopewa. Alitembea kidogo, akafungua milango, akauliza njia, kisha akafika mahali akasimama. Si kwamba hapo palikuwa pagumu. Aliona tu kwamba hajali. Akazima. Mara Bushiri huyo, kaleta nyingine.

CD zilijaa kwenye kabati la vyombo vya wageni, zikapanda juu ya friji, zikaingia hata kwenye kapu la nguo za kupiga pasi. Wakati mwingine akizifuta vumbi aliwafikiria wale watu wa humo ndani, wamesimama palepale alipowaacha, wanamngoja. Huko wodini hakuwahi kumwacha mzazi katikati. Zamu yake ikiisha na mtoto hajatoka, alibaki. Alilijua hilo kama mtu anavyolijua jina la mtaa wake. Halikumuuma.

Ijumaa moja baada ya swala, mlango uligongwa. Alikuwa Ismail, kanzu imenyooka pasi, mkononi mfuko wa zabibu. Bi Sitara alimkaribisha, akamletea maji, akarudi kwenye kochi na kuchukua padi.

"Hujambo, Mama Bushiri?"

"Sijambo, Baba Bushiri."

"Nimekuja tuzungumze."

"Karibu."

Ismail alingoja azime. Hakuzima. Kwenye televisheni mwanamke mwenye upinde alikuwa akipanda kilima cha theluji.

"Zima basi."

"Wewe sema tu, nasikia."

Ismail akasema. Alizunguka sana, lakini maneno yake yalikuwa haya: kule Kigamboni hakukaliki, kelele haziishi, yeye umri unakwenda, na amefikiri arudishe zamu kama zamani, pengine siku nyingi ziwe huku. Alikiri kwamba amekosea. Alipomaliza, alitazama kabatini, akatazama juu ya friji.

"Hizi zote za nani?"

"Zangu."

"Umemaliza ngapi?"

"Hata moja."

Ismail alicheka kidogo, akidhani mambo yameshapoa. Bi Sitara akaweka padi mezani. Aliungoja moyo wake umletee kitu, hasira, au hata furaha kwamba mtu amerudi. Mwaka ule wa kwanza Ismail alipoacha kuja, aliwahi kuiwaza siku hii, na maneno makali alikuwa nayo tayari. Sasa aliyatafuta, hayakuwapo. Mbele yake alimwona mwanamume wa makamo kwenye kiti, na vifundo vya miguu yake vimejaa.

"Niandikie talaka yangu," alisema.

"Hizo ni hasira, Mama Bushiri."

"Sina hasira. Na upunguze chumvi, miguu yako inavimba."

Ismail alikaa kidogo zaidi, akamaliza maji yake, akaaga. Bi Sitara aliziosha zile zabibu, akaziweka kwenye friji, akaendelea kupanda kilima mpaka akachoka.

Haikuwa jambo la haraka. Wazee wa pande zote mbili walikutana, wakasuluhisha, wakashindwa. Mwishowe Ismail aliandika talaka moja mbele ya shehe na mashahidi, na Bi Sitara akaanza kukaa eda.

Bushiri alikuja jioni ya siku hiyo, macho mekundu, na CD mbili kwapani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kaa." Alizitazama zile CD. "Usilete tena."

"Hizi mbaya?"

"Sijui kama mbaya. Nikiwasha sisikii kitu. Nikizima sisikii kitu. Naanza kwa sababu umeleta."

Bushiri alizigeuzageuza mkononi. "Nilidhani unafurahi."

"Najua."

"Tangu lini, Mama? Huku kutosikia kitu."

Swali hilo hakuwa amewahi kuulizwa. Alilifikiria sawasawa, kama alivyotaka wazazi walifikirie yeye alipowauliza uchungu umeanza lini.

"Kabla ya kustaafu. Pengine hata kabla baba yako hajaoa. Kazi zilikuwa nyingi, sikuona."

Bushiri aliziweka zile CD sakafuni. Baadaye ndipo aliposema atatafuta daktari wa mambo hayo. Bi Sitara hakukataa. Kesho yake kijana akaja na viroba, akazipakia CD zote azirudishe kule Aggrey, kwa mwenye duka.

"Bakisha moja," mama yake alimwambia, "ya kupitishia siku."

"Ipi?"

"Yoyote."

Bushiri aliacha ile iliyokuwa juu kabisa. Ilikuwa ya mwanamke anayebeba moto wa taa kutoka kijiji hadi kijiji. Bi Sitara aliicheza kila alasiri ya eda yake, polepole, siku nyingine kipande kidogo tu. Bushiri sasa alikuja mikono mitupu, na alikuja mara nyingi. Alikula, akakaa ubavuni kwa mama yake, akatazama, mara akasinzia na tai shingoni. Ismail alikuwa na haki ya kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Hakuja. Daktari alipatikana, tarehe ikapangwa.

Gemu lilikwisha siku ya kawaida, watu wanatoka kazini huko chini. Majina ya waliolitengeneza yalipanda kwenye kioo, mengi sana, na Bi Sitara aliyasoma mpaka la mwisho, kwa kuwa ni watu waliofanya kazi. Kisha akampigia Badria.

"Nimemaliza moja."

"Mashallah. Ilikuwaje?"

"Ndefu."

"Na mwisho wake mzuri?"

"Taa zote zinawaka, basi."

"Ukalia?"

"Hapana."

Nyuma ya Badria mtoto alikuwa akilia kwa nguvu.

"Ana nini huyo?"

"Meno, Mama. Tangu asubuhi."

"Mpe kitambaa cha baridi aume. Kwanza nisogezee nimsikie."

Badria akamsogezea mtoto simu. Bi Sitara alizima televisheni, akakaa akimsikiliza mjukuu wake analia, wala hakukata.